Saa ndani ya mashine pepe: kwa nini mgeni hubaki nyuma umeme unaporudi, na nani apewe kazi ya kumrekebisha

Fundi wa Mkomani (Lamu), mwanzisha uzi

Assalam alaikum, wanajukwaa. Uzi huu nawaandikia mafundi wenzangu wa pwani wanaotunza seva moja yenye mashine pepe kadhaa ndani yake (yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu), maana kuna hitilafu ya saa ambayo nimeikuta mahali pengi, na karibu kila mara lawama huangukia pasipostahili. Katika nyumba moja ya wageni hapa kisiwani iliangukia mtu. Ujumbe wa M-Pesa ulionyesha kwamba mteja alilipa saa 4 na dakika 50 asubuhi, ilhali mfumo wa vitabu ulikuwa umeandika malipo hayohayo saa 4 na dakika 10, yaani dakika 40 kabla fedha hazijatumwa. Karani akashukiwa kuchezea hesabu, na ilibidi jambo lielezwe mbele ya wenye nyumba ndipo jina lake likasafishwa. Kumbukumbu za seva hutumiwa kama ushahidi, na ushahidi ulioandikwa kwa saa potofu humuumiza asiye na kosa, kwa hiyo naomba tulichukulie suala hili kwa uzito wake.

Katika maelezo yangu kompyuta halisi naiita mwenyeji, na kila mashine pepe iliyomo ndani yake naiita mgeni. Programu inayowagawia wageni prosesa na kumbukumbu ni haipavaiza.

Zamani mfumo endeshi ulijua wakati kwa kuhesabu midundo. Kipima muda cha maunzi kiliikatiza prosesa mara nyingi kwa sekunde, na kila ilipokatizwa mfumo ukaongeza hesabu yake. Linux 2.4 kwenye kompyuta za kawaida ilitumia midundo 100 kwa sekunde, na toleo la 2.6 likaanza na midundo 1000. Ndani ya mashine pepe utaratibu huo haukufaa, kwa kuwa haipavaiza humwondoa mgeni kwenye prosesa ili wengine nao wapate zamu, na mgeni asiye kwenye prosesa hawezi kupokea mdundo. Midundo ilirundikana, ikaletwa kwa mkupuo baadaye au ikapotea, na saa ikazidi kubaki nyuma kadiri seva ilivyoelemewa na kazi. Ushauri mwingi unaozunguka mpaka leo ni wa zama hizo, ingawa tatizo lenyewe kwa sehemu kubwa limekwisha.

Siku hizi mgeni wa Linux aliye juu ya KVM, haipavaiza iliyomo ndani ya Linux yenyewe, husoma saa iitwayo kvm-clock. Haipavaiza humwekea ukurasa wa kumbukumbu ulioandikwa wakati uliopimwa, hesabu ya TSC ilivyokuwa wakati huo, na kizidisho cha kugeuza hesabu ya TSC kuwa nanosekunde. TSC ni kihesabio kilichomo ndani ya prosesa, kilichokuja na Pentium ya Intel mwaka 1993, na kwa kuwa kinaendelea kuhesabu hata mgeni anapongoja zamu yake, akirudishwa kwenye prosesa hukuta muda uliopita umekwisha kuhesabiwa. Hyper-V na Xen, ambazo ni haipavaiza nyingine, zina utaratibu wa namna hiyohiyo.

Basi zile dakika 40 zilitoka wapi? Zilitokana na kukatika kwa umeme. UPS, yaani betri ya akiba, ilipokaribia kuisha, mwenyeji alijizima kwa mpango, na libvirt-guests, huduma inayowashughulikia wageni mwenyeji anapozimwa na kuwashwa, ambayo ilikuwa imepangiwa hivyo, ikawahifadhi wageni kwenye diski wakiwa vilevile walivyo badala ya kuwazima. Umeme uliporudi kila mgeni akaendelea na amri ileile aliyokuwa ameifikia. Hesabu ya wakati wake iliendelea kutoka pale ilipoachwa, na hilo limefanywa kwa makusudi, kwani programu nyingi zingevurugika kama hesabu hiyo ingeruka ghafla katikati ya kazi. Matokeo yake ni kwamba muda wote wa giza haumo katika saa ya mgeni. Mwenyeji alikuwa na wakati sahihi, betri ya ubao mama ilikuwa nzima, ingawa ndiyo iliyokuwa imebadilishwa kwanza, na wageni walikuwa nyuma kwa muda uleule ambao seva ilikuwa imelala.

Mtu anaweza kuuliza kama chrony, programu inayosahihisha saa kwa kuuliza seva za wakati, haikuwemo ndani ya wageni hao. Ilikuwemo, na ilifanya sawasawa na ilivyoagizwa. Mipangilio ambayo chrony huletwa nayo mara nyingi ina mstari usemao `makestep 1.0 3`, yaani tofauti ikizidi sekunde 1 saa irushwe papo hapo, lakini katika masahihisho matatu ya kwanza tu tangu chronyd, yaani huduma yenyewe ya chrony, ianze. Mgeni aliyeamshwa kutoka diskini hajui kwamba alilala. Kwake yeye chronyd imekuwa ikifanya kazi bila kusita, nafasi zile tatu zilikwisha kutumika zamani, na kwa hiyo inabaki kuikimbiza saa kidogo kidogo. Kikomo chake cha kawaida ni takriban sehemu 83,333 kwa milioni, ambayo ni sekunde 1 kwa kila sekunde 12, hivyo dakika 40 huhitaji muda wa saa 8 kusahihishwa. Siku nzima ya kazi inaandikwa kwa saa ya uongo ilhali kila kiashirio kinasema huduma ya wakati ni nzima. Kwa ntpd, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, mambo yangekuwa mabaya zaidi, kwa sababu ikiona tofauti inayozidi sekunde 1000 hujitoa kabisa, na dakika 40 ni sekunde 2400.

Ninachopendekeza ni kuanza na mwenyeji. Yeye ndiye mwenye maunzi na ndiye asiyehamishwa wala kulazwa bila kujua, kwa hiyo apewe chrony na vyanzo kadhaa vya kuaminika, kwa mfano vile vya ke.pool.ntp.org. Kisha wageni wachukue wakati kwake. Kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 4.11 la mwaka 2017 ina moduli iitwayo ptp_kvm, ambayo humpa mgeni kifaa cha `/dev/ptp0` kinachoonyesha saa ya mwenyeji bila kupitia mtandao wowote. Ndani ya mgeni unapakia moduli hiyo, unaandika `refclock PHC /dev/ptp0 poll 2` kwenye chrony.conf, unaondoa vyanzo vya intaneti, na tofauti baina yake na mwenyeji itapimwa kwa mikrosekunde badala ya milisekunde. Kwa habari ya kuamka baada ya umeme kurudi, weka `SYNC_TIME=1` katika mipangilio ya libvirt-guests na uhakikishe qemu-guest-agent, programu inayopokea amri za mwenyeji, inafanya kazi ndani ya kila mgeni. Hapo kila anapoamshwa ataamriwa asome upya saa yake ya maunzi, ambayo haipavaiza huionyesha kwa wakati wa mwenyeji, na zile saa 8 za kukimbizana hazitakuwepo.

Mwana Shela

Wa alaikum salaam, fundi. Nashukuru kwa maelezo, ila naona njia hii ni ndefu kuliko haja iliyopo. Mimi katika kila mgeni nimeweka kazi ya cron (ratiba inayojiendesha) inayoendesha ntpdate, amri ya kuweka saa kutoka mtandaoni, kila baada ya dakika 5, pamoja na chrony iliyokuja na mfumo. Umeme ukirudi, ndani ya dakika 5 saa imekaa sawa. Kuna ubaya gani?

Fundi wa Mkomani

Ndugu yangu wa Shela, ubaya upo wa aina mbili, na wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Wa kwanza ni kurudisha saa nyuma. Tofauti ikizidi nusu sekunde, ntpdate huirusha saa papo hapo, iwe mbele au nyuma. Kurushwa mbele mara nyingi huvumilika. Kurudishwa nyuma ni jambo jingine, kwa sababu dakika iliyokwisha kupita hupita tena: hifadhidata inapata rekodi yenye namba kubwa lakini muhuri wa wakati mdogo kuliko iliyotangulia, nakala ya akiba hujiona ni mpya kuliko faili lililorekebishwa baada yake, na programu inayopima muda kwa kutoa saa ya mwanzo kwenye saa ya mwisho hupata jibu hasi. Waandishi wa programu wangeepuka hilo la mwisho kwa kutumia `CLOCK_MONOTONIC`, ambayo hairudishwi nyuma hata saa ya ukutani ikirudishwa, lakini si programu zote tunazouziwa zimeandikwa kwa uangalifu huo. Kwa sababu hii ndiyo ntpd huirekebisha tofauti ndogo, isiyozidi milisekunde 128, kwa mwendo usiozidi sehemu 500 kwa milioni. Kwa mwendo huo hata sekunde 1 ingehitaji sekunde 2000, zaidi ya nusu saa, na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, aliyeiasisi NTP, itifaki ya kulinganisha saa mtandaoni, na kuandika maelezo yake ya kwanza rasmi mwaka 1985, aliujali mno utaratibu huo wa kutoishtua saa.

Ubaya wa pili ni kwamba umeweka warekebishaji wawili juu ya saa moja. chrony haisogezi saa tu, bali hupima pia kwa muda mrefu jinsi saa hiyo inavyokimbia au kuchelewa, ili ijue kasoro yake ya asili na kuifidia hata mtandao usipokuwepo. Ukija wewe kila baada ya dakika 5 ukasogeza saa bila kuipa habari, inaona saa imeruka bila sababu, inadhani kasoro imebadilika, inafidia kupita kiasi, nawe unakuja tena kurekebisha kile ilichofidia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukiendesha `chronyc tracking` mara kadhaa katika saa moja, naamini utaona thamani ya Frequency (kasoro ya mwendo wa saa kama chrony inavyoikadiria) inayumba huku na huku badala ya kutulia.

Kosa hilihili hufanywa bila mtu kulikusudia. VirtualBox ikiwekewa Guest Additions huwa na mrekebishaji wake, na VMware Tools ina wake pia. Katika VMware hata ukizima ulinganishaji wa kila dakika, bado saa hulinganishwa mara moja mgeni anapoamshwa, anapohamishwa au anapochukuliwa snapshoti (nakala ya hali yake ya wakati huo), na ulinganishaji huo huzimwa kwa mipangilio mingine. Chagua mmoja, uwazime waliobaki, na uandike mahali fulani ni yupi uliyemchagua ili fundi atakayekuja baada yako asiongeze wa pili.

Ili nisionekane nakwenda kinyume na maneno yangu mwenyewe, ile `SYNC_TIME=1` haishindani na chrony. Hufanya kazi mara moja tu mgeni anapoamshwa, huirusha saa mbele, kisha huondoka.

Mtunza Mitambo (Malindi)

Fundi, naomba msaada. Nina hoteli moja hapa Malindi yenye mwenyeji wa Linux na KVM, na ndani yake kuna mgeni wa Windows anayesimamia domeni ya ofisi, yaani akaunti na kompyuta za wafanyakazi. Akizimwa na kuwashwa upya, saa yake hubaki nyuma kwa saa 3 kamili, wala hazipungui wala hazizidi. Wafanyakazi nao wanakataliwa kuingia kwenye kompyuta zao. Nilidhani ni hili la kukatika kwa umeme, lakini hutokea hata umeme ukiwepo.

Fundi wa Mkomani

Ndugu wa Malindi, tofauti ya saa 3 kamili katika Afrika Mashariki kwa kawaida haisababishwi na saa kukimbia au kuchelewa. Hiyo ni tofauti baina ya wakati wetu na UTC, wakati wa kimataifa. Windows kwa desturi hutarajia saa ya maunzi iwe na wakati wa mahali, na Linux hutarajia iwe na UTC. Mgeni wako anapewa UTC, anaisoma kana kwamba ni saa ya Malindi, na kwa hiyo anaamka akiwa nyuma kwa saa 3. Ingekuwa ni Linux aliyepewa wakati wa mahali, angekuwa mbele kwa saa 3, maana angeongeza tofauti iliyokwisha kuongezwa. Fungua maelezo ya mgeni huyo kwa `virsh edit`, na mahali paliposema `<clock offset='utc'>` uandike `localtime`. Hapohapo ndani yake ongeza `<timer name='hypervclock' present='yes'/>`, kwa sababu Windows haiielewi kvm-clock lakini huielewa saa ya namna ya Hyper-V, na KVM inaweza kumpa hiyo.

Kukataliwa kwa wafanyakazi kunatokana na jambo hilohilo. Kerberos, ambayo ndiyo inayotumika kuwathibitisha watumiaji wa domeni, kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5 baina ya kompyuta na msimamizi wa domeni, kwa kuwa bila kikomo hicho mtu angeweza kunasa tiketi ya zamani na kuitumia upya.

Kabla hujafunga kazi, hebu angalia mwenyeji wako anachukua wakati wapi.

Mtunza Mitambo (Malindi)

Nimeangalia. Aliyetangulia kabla yangu alimwelekeza mwenyeji achukue wakati kwa msimamizi wa domeni, yaani kwa mgeni huyohuyo aliyemo ndani yake.

Fundi wa Mkomani

Basi hapo pana mzunguko, na ni lazima uukate. Mgeni anapowashwa huchukua wakati kwa mwenyeji, kisha mwenyeji huchukua wakati kwa mgeni, na hakuna hata mmoja anayeuliza nje. Kosa lolote litakaloingia litathibitishwa na pande zote mbili, na kwa kuwa zinakubaliana hutaona onyo lolote. Mpe mwenyeji vyanzo vya nje. Kisha ruhusu chrony yake ihudumie mtandao wa ndani kwa kuandika `allow` na anwani za mtandao huo, na huduma ya wakati ya Windows (w32time) ya msimamizi wa domeni uielekeze kwa mwenyeji. Kompyuta nyingine za domeni humfuata msimamizi zenyewe.

Mwalimu wa Pate

Asalaam. Mimi ninatunza maabara ya kompyuta ya shule huku Pate. Seva ni moja, wageni ni wanne, na intaneti hupatikana kwa modemu ya simu, wakati mwingine haipatikani siku kadhaa mfululizo. Hivyo vyanzo vya nje tutavipata wapi?

Fundi wa Mkomani

Mwalimu, swali lako ni la msingi kwetu sote wa visiwani. Tuanze na yale ambayo hayahitaji kununua kitu. Fuwele ya saa ya kompyuta ikikosea sehemu 20 kwa milioni, hupoteza au huongeza takriban sekunde 1.7 kwa siku. Kwa maabara ya shule hiyo si balaa. Kilicho muhimu zaidi ni wageni wote wanne wakubaliane, na kwa hilo ptp_kvm inatosha, maana haihitaji intaneti kabisa. Iwapo kompyuta za wanafunzi nazo huchukua wakati kwa mwenyeji kupitia mtandao wa ndani, andika kwake `local stratum 10`, ili aendelee kuzihudumia hata vyanzo vya nje vinapopotea. Modemu ikipata mawimbi, chrony itajisahihisha, kwani iliandikwa ikizingatia kompyuta zisizounganishwa muda wote, na katika hilo naiona bora kuliko ntpd.

Usitarajie usahihi mkubwa kupitia modemu hiyo. NTP hukadiria kwamba ujumbe hutumia muda sawa kwenda na kurudi, na katika mtandao wa simu uliosongamana hali si hiyo. Kosa linaweza kufikia nusu ya muda wote wa kwenda na kurudi, na hakuna hesabu itakayoliondoa kwa kutumia njia hiyo peke yake.

Shule ikipata fedha kidogo, nunua kipokezi cha GPS na ukiunganishe na mwenyeji, wala si na mgeni, kwa sababu kifaa cha USB kinachopitishwa kwa mgeni huongeza ucheleweshaji usiotabirika. Tafuta chenye waya wa PPS, unaotoa mpigo mmoja mwanzoni mwa kila sekunde. Kipokezi cha USB kisicho na PPS hutoa maandishi tu, na maandishi huchelewa kwa milisekunde nyingi zinazobadilikabadilika, ilhali mpigo huweza kukupa usahihi wa mikrosekunde. Antena ipande juu ya dari, mahali inapoiona mbingu. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina kuta nene mno, na ukiiacha chumbani karibu na seva hutapata satelaiti za kutosha. Epuka vipokezi vya zamani sana vya mitumba, kwa sababu GPS ya asili huhesabu wiki 1024 kisha huanza upya, kama ilivyotokea tarehe 6 Aprili 2019, na kipokezi kisichojua hilo hukupa sekunde sahihi ndani ya tarehe ya miaka karibu 20 iliyopita.

Mtunza Mitambo (Malindi)

Fundi, saa za hoteli zimetulia na wafanyakazi wanaingia. Nilipokuwa nikisoma habari ya mikrosekunde nilimkumbuka jirani yetu, kituo cha anga cha Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Mawimbi ya redio husafiri takriban mita 300 kwa mikrosekunde 1, kwa hiyo kwao kosa tunalolisifu sisi lingekuwa kubwa. Swali langu la mwisho ni hili: sekunde ile inayoongezwa mara chache kwenye UTC ili ilingane na mzunguko wa dunia nayo inatuhusu?

Fundi wa Mkomani

Inatuhusu kwa sehemu. Tangu 1972 zimeongezwa sekunde 27, na ya mwisho iliingia mwishoni mwa 2016, ambayo kwetu ilikuwa tarehe 1 Januari 2017 kabla tu ya saa 9 usiku. Iliyoongezwa mwishoni mwa Juni 2012 ilifichua kasoro katika kerneli ya Linux, na seva nyingi duniani zikazidiwa na kazi isiyo na maana hadi zilipowashwa upya au kuwekewa tarehe tena. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo na mizani uliamua kwamba ifikapo 2035 utaratibu huu uwe umeachwa. Kwa sasa zingatia jambo moja, kwamba seva za wakati za Google huisambaza sekunde hiyo kidogo kidogo kwa muda wa saa 24 badala ya kuiongeza kwa mara moja, na kwa hiyo usizichanganye na vyanzo vya kawaida katika orodha moja, maana siku hiyo vitatofautiana hadi nusu sekunde na chrony haitajua imwamini nani.

Kwa wote watakaobadilisha mipangilio yao, fanyeni jaribio kabla ya kumkabidhi mwenye seva. Msitumie `virsh managedsave` na `virsh start` kwa mkono, kwa kuwa `SYNC_TIME` ni ya huduma ya libvirt-guests na njia hiyo haipitii huko. Hakikisheni kwanza kwamba `ON_SHUTDOWN` ni `suspend` na `ON_BOOT` ni `start`, kisha isimamisheni huduma kwa `systemctl stop libvirt-guests`, ngojeni robo saa, iwasheni tena, na mara moja mwendeshe `chronyc tracking` ndani ya mgeni. Mstari wa System time ukionyesha sekunde zipatazo 900, basi agizo halikumfikia mgeni, na mahali pa kwanza pa kutazama ni kama qemu-guest-agent imewashwa ndani yake. Kama ipo na bado haitii, endesheni `virsh domtime --sync` pamoja na jina la mgeni huyo na mtuletee hapa kosa litakaloandikwa.